Unga Uliolala Siku Nne

Mama yangu alikaa nyumbani kwangu Rukoki, Uganda, zaidi ya mwaka, na kwa miezi ya kwanza sikumwona hata siku moja akimaliza sahani. Nilimpikia matoke, akasema hicho ni chakula cha mtu aliyelazwa. Nilimpikia posho, ule ugali wa mahindi, akaniuliza kama nimemrudisha shule ya bweni. Nikamnunulia samaki wa Katwe, mkubwa, majirani wenyewe walikuja kumtazama, naye akala mkia akasema ahsante. Siku nilipompa bugali wa muhogo nilidhani nimeshinda. Akamega tonge moja, akaliviringisha kwenye vidole, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Hii ni nini?"

"Bugali, mama."

"Bugali ya nani?"

Haya, mjibu mtu swali kama hilo na wewe umetoka jikoni jasho linakutiririka.

Mume wangu ni Mkonzo wa hapa hapa Kasese, mtu mpole, na jambo hilo lilimwuma kuliko alivyoonyesha. Kwao bugali huo wanauita obundu, na mgeni akipewa obundu ameheshimiwa. "Mama," akasema, "si sisi ni watu wamoja? Lugha moja, chakula kimoja. Huu mpaka tumechorewa tu." Mama akamjibu kwa adabu, macho chini, maana kwetu mama mkwe hamkodolei macho mkwewe. "Muko bantu bazuri sana, mukwe wangu. Lakini huu unga wenu haukulala."

Kulala ndiyo habari yenyewe. Kwetu, upande wa Beni huko Kongo, muhogo mchungu ukishang'olewa na kumenywa hutumbukizwa kwenye kidimbwi cha maji yaliyotulia, ukalala humo siku nne. Si tatu. Unatoka umelainika, umechacha, una harufu ambayo mgeni huzibia pua na sisi hutuletea mate mdomoni. Kisha huanikwa juani, hutwangwa kwenye kinu, huchekechwa. Bugali wake una uchachu wa mbali, unakuja baada ya kumeza. Ule unga niliokuwa nanunua Kasese mjini umeharakishwa, umetiwa mahindi, umesagwa na mashine. Unashibisha, sikatai. Mama alisema unashibisha tumbo la mtu mwingine.

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, mume wangu husema mimi huchemka kabla sufuria haijawekwa motoni. Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Mama hakuja Rukoki kutembea. Alikimbia. Wale walikuwa wanatoka msituni na mapanga, wanawakuta watu mashambani mwao, na nasema "wale" kwa sababu kwetu ndivyo walivyoitwa, wale tu, kana kwamba jina lingewaonyesha njia. Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, na kila wiki habari ilikuja ya kijiji kingine, kila mara karibu zaidi na chetu. Nilikwenda nikamtoa mama kwa maneno makali, almanusura nimburute. Nyuma akabaki mdogo wake, mama yangu mdogo, mjane asiye na mtoto, ambaye alisema shamba la watu wawili haliwezi kuachwa na wote wawili. Tangu siku hiyo mama alikuwa na wimbo mmoja: nitarudi. Alipoisukuma sahani nilisikia nitarudi. Alipokaa uani akiutazama mlima nilisikia nitarudi. Kwa hiyo usinione mkali wa bure. Nilikuwa nampikia mama yangu ili asiende kufa, na chakula changu alikuwa hakitaki.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kasese mjini, na siku za Jumanne na Ijumaa hubeba nguo za watoto nilizoshona nikauze soko la Mpondwe, pale Bwera, mpakani. Sokoni hapo kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka kutoka Kongo na madumu ya mafuta ya mawese. Nyumba yake ilikuwa njia moja na kijiji chetu. Nikamwomba, mwenzangu, nifanyie hisani, mwambie mama mdogo atume unga kidogo, dada yake anakonda.

Ijumaa ya pili alinikabidhi furushi la kitenge lililofungwa fundo. Nilifika nalo nyumbani jioni. Mama alifungua fundo, akaingiza pua ndani kabla hata hajaniitikia salamu, akakaa hivyo, macho yamefumbwa. Halafu akanyanyuka akanisukuma kando ya jiko, akasonga mwenyewe. Haki ya Mungu, mama alikula! Alikula na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, akakomba sahani, akaniuliza kama kuna ukoko. Mimi niliingia chumbani nikalia, furaha tupu.

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa furushi. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kama mwezi mmoja ulipita. Siku hiyo mama alikula nusu akasimama, akamega tonge jingine, akalitafuna polepole kwa meno ya mbele, akatoa unyuzi mdomoni akautazama kwenye mwanga wa mlango.

"Umelala siku mbili tu," akasema.

"Mama, unga ni unga. Kula."

"Siku mbili. Kidimbwi iko mbali, nyuma ya kakao. Mudogo wangu ameogopa kwenda kule. Amelowesha mu beseni, ndani ya nyumba." Akaosha mikono. "Ningoje kwanza."

Nikacheka, na kicheko hicho kinaniudhi hadi leo. Nikamwambia mume wangu, huyu mama sasa ni mganga wa unga. Jumanne nikamwuliza mwanamke wa mawese, kwa mzaha tu, kama watu wa kijijini bado wanaloweka kidimbwini. Akanitazama. Akasema hakuna mtu anayekwenda kule tena, tangu wale walipoonekana wakiteka maji.

Sikucheka tena.

Furushi lililofuata lilinuka moshi. Nilinusa mwenyewe garini, nikaomba mama asigundue, ujinga mtupu, maana mama angegundua akiwa usingizini. "Amekausha juu ya moto," akasema. "Hataki kuanika inje. Ukianika muhogo inje, wanaona kama mutu iko nyumbani." Alikula tonge tatu. Alipomaliza akasema tena, ningoje kwanza.

Baadaye ukaja muhogo ambao si unga. Vipande vikavu, vyeupe, vigumu, vimefungwa vilevile kwenye kitenge. Nilidhani mama mdogo amechoka au amekuwa mvivu, nikaanza kulalamika njiani peke yangu. Mama alivimwaga kwenye ungo akavipekua kwa vidole. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele na mpira, naye akageuka akawatazama muda mrefu.

"Hatwangi tena," akasema. "Kinu inasikika mbali."

Mume wangu, aliyekuwa anakula, akaacha kula.

Nikawasha redio makusudi. Redio ilikuwa inasema hali inaendelea kuwa shwari, wakuu wametembelea eneo, wananchi warudi makwao. Nikasema unaona, mama? Mama akaipunguza sauti. "Redio haijawahi kuloweka muhogo," akasema. Vile vipande alivitwanga mwenyewe, na bugali wake ulikuwa na uchungu kidogo, akaumwaga kwenye shimo la taka. Siku hiyo hakula kitu. Wala iliyofuata.

Hapa ndipo ninapofika mahali nisipopapenda. Ningeweza kuparuka na msomaji asingejua. Mama alikuwa anakonda mbele yangu, shingo imekuwa ya kuku, na mimi nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Jumanne hiyo nilifika sokoni nimechemka. Nikamwambia mwanamke wa mawese: mwambie mama mdogo dada yake hali. Mwambie aloweke vizuri, siku nne, kidimbwini, kama zamani. Mambo ya beseni na moshi aache. Anataka dada yake afe kwa njaa huku ugenini? Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo huu. Mama hakunituma. Mama hakuwahi kumlaumu mdogo wake hata kwa nukta. Mwanamke wa mawese akasema, nitamufikishia, lakini hakunitazama.

Ijumaa hakuja. Jumanne hakuja. Ijumaa iliyofuata nilimwona kwa mbali, amekaa juu ya dumu lake, hajapanga bidhaa. Nilijua kabla sijafika.

Akanivuta nyuma ya vibanda vya mitumba akaniambia kwa sauti ya chini. Mama mdogo alipata ujumbe. Alicheka, akasema huyu dada yangu ataniua na tumbo lake. Akang'oa muhogo, akamenya, akaupeleka kidimbwini alfajiri. Siku ya kwanza akarudi salama. Siku ya nne akaenda kuutoa. Watu wa kijiji walimkuta ukingoni, ameuawa, kichwa upande wa maji, na muhogo bado ndani. Alizikwa siku hiyo hiyo na watu wachache, haraka haraka, bila kilio, kwa sababu kilio nacho husikika.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Mwanamke mmoja wa mitumba aliniuliza kama nina mimba. Nikasema ndiyo, ili aniache.

Nilipaswa kwenda nyumbani nikamwambie mama. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Lakini njia nzima kutoka Bwera mpaka Kinyamaseke nilikuwa naiona picha moja: mama akisikia, mama akifunga nguo zake, mama akivuka daraja kwenda kumlilia mdogo wake. Wale walikuwa bado kule. Na kulikuwa na jambo jingine, nalo nililisukumia nyuma ya kichwa: mama angeuliza. Angeuliza alikwenda kidimbwini kwa nini. Nilipofika Kinyamaseke nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia dereva anishushe, nikaulizia nani anauza muhogo mchungu.

Nilikuwa na rafiki Nyakiyumbu, karibu na mpakani, mwanamke tuliyezoeana sokoni. Chini ya kahawa zake kulikuwa na kijito kidogo kinachotuama. Nikachimba hapo kidimbwi kwa jembe lake. Hakuniuliza mengi, aliuona uso wangu. Tuliloweka muhogo Ijumaa, nikautoa Jumanne, siku nne kamili. Mtu angesema soko la Mpondwe lilipangwa kwa ajili ya muhogo. Yeye akauanika juu ya turubai siku tatu, jua lilikuwa zuri. Ijumaa nikatwanga. Ee, nilitwanga! Tangu niolewe sikuwa nimeshika mchi, na mikono ilichubuka, lakini unga ulitoka mweupe, laini, na ile harufu. Nilinusa nikasikia nyumbani. Niseme ukweli, nilijivunia. Katikati ya msiba wangu wa siri nilisimama pale na unga puani nikajivunia kazi yangu. Nikaufunga kwenye kitenge cha zamani, fundo lilelile.

Mwanamke wa mawese alikasirika nilipomweleza. "Mambo ya kufa haifichwi, mwenzangu," akasema. "Ile itakurudilia." Nikamjibu kwamba mama yake yeye yuko salama kwake, anyamaze. Akanyamaza, na tangu siku hiyo alikuwa ananisalimia kwa kichwa tu.

Mama alifungua furushi mezani. Mimi nilijifanya nafua. Nilikuwa namtazama kupitia mlango wa nyuma, mapovu mpaka kwenye viwiko. Alinusa. Akamwaga kidogo kiganjani akausugua kwa kidole gumba, mara nyingi. Akalamba. Nikasahau kufikicha.

"Umelala siku nne," akasema.

"Eh."

"Na jua. Uliona jua."

"Eh, mama. Wanakusalimu."

Akainama juu ya furushi, mabega yakatikisika, nikadhani amejua. Kumbe anacheka. Alisonga bugali mwenyewe jioni ile, akala, akamwita mume wangu aonje, akamwambia sasa njo utajua kama bugali ni nini. Mume wangu akaonja akasema, mama, kweli, tumekuwa tunakula vumbi. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Wiki zikaenda. Furushi la pili, la tatu, la nne. Mama akanenepa, mashavu yakarudi. Akaanza kwenda misa ya asubuhi na kuimba, majirani wakaniambia una mama mwenye sauti kumbe. Akaacha kukaa uani akiutazama mlima. Hakusema tena nitarudi. Niliona nimefanikiwa, nikasema moyoni sasa ameshika mizizi, sasa ni mtu wa Rukoki. Mimi na akili zangu zote.

Kitu kimoja kilikuwa kinanitesa. Kila Jumanne asubuhi mama alinipa zawadi ya kumpelekea mdogo wake. Chumvi ya Katwe kwenye karatasi. Kipande cha sabuni. Siku moja blauzi, aliniomba niishone kwa kitambaa cha maua, akanieleza vipimo kwa kuonyesha kwenye mwili wake mwenyewe, kwamba mdogo wake ni mwembamba hapa, kifua kikubwa hapa. Nikashona blauzi ya marehemu. Mashine yangu ilikuwa inakwenda nami nalia, wateja wakadhani ni vumbi la nguo. Vitu vyote hivyo nilivificha Nyakiyumbu kwa rafiki yangu, ndani ya gunia, na kila Ijumaa nilirudi na jibu: anashukuru, anasema blauzi imemkaa. Mama alikuwa anataka kujua zaidi. Imemkaa kwapani? Imemkaa, mama. Ulikata urefu vile nilikuambia? Nilikata.

Rafiki yangu aliniambia siku moja, tukiwa tunatoa muhogo majini, "Unga wako sasa ni mzuri kupita kiasi." Alisema akitabasamu. Nilimshukuru. Miaka imepita na bado najiuliza kwa nini nilimshukuru.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Alhamisi moja nilikuwa kibandani mjini, nakata sare za shule, jirani yangu wa Rukoki akaingia akaweka ufunguo wa nyumba yangu juu ya meza. Nikamwuliza huo ni ufunguo wa nini.

"Mama yako kaniachia. Amesafiri. Hakutaka kukusumbua kazini, alisema ungemzuia."

"Amesafiri wapi?"

"Kwao. Amefurahi, we acha tu. Kasema kwao kumetulia."

"Nani kamwambia kumetulia?" Nilikuwa nimesimama, mkasi mkononi. "Redio? Nani?"

Jirani akashtuka. "Hakusema redio. Alisema unga. Alisema unga unalala siku nne sasa, kwa hiyo watu wameacha kuogopa."

Kuna mambo mtu huyaelewa polepole, na kuna mengine huja yote mara moja. Kila alipoonja unga mbaya, mama alisema ningoje kwanza. Nilikuwa nasikia neno hilo kama la mtu aliyekata tamaa. Alikuwa anasoma. Ule unga mbaya ndio uliokuwa unamfunga Rukoki, na mimi, fundi wa kila kitu, nilimletea mzuri. Nilimwandikia mama barua ya amani kwa mikono yangu, kila Ijumaa, miezi mitatu.

Niliacha kibanda wazi. Nikachukua pikipiki, nikamwambia kijana anayeiendesha anipeleke Bwera, akasema, mama, ni mbali, nikamwambia kama hutaki shuka niendeshe mwenyewe. Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilikuwa nasali na kutukana kwa zamu.

Nilimkuta bado upande huu. Alikuwa kwenye foleni ya kuvuka daraja, kitenge kipya, furushi kichwani, anapiga soga na mwanamke mwenye kuku. Aliponiona uso wake ukafunguka. Yaliyofuata ndiyo maneno yetu ya mwisho, mimi na mama yangu, kwa maana alivuka na hakurudi, na hata kaburi sijaonyeshwa. Kwa hiyo nayaandika yalivyokuwa, sijipendelei.

"Umekuja kunisindikiza!" akasema.

"Mama, kule hakujatulia. Turudi."

"Weye unajua nini? Miye najua. Unga inalala siku nne, inaanikwa inje, inatwangwa. Mutu mwenye woga hawezi kufanya vile."

"Unga ni wangu."

Hakuelewa. Alikuwa bado anatabasamu.

"Unga ni wangu, mama. Nililoweka mimi, Nyakiyumbu. Wote. Miezi mitatu."

Afande aliyesimama kwenye kizuizi akapiga kelele, "Songa! Songa mbele!" Watu wakatupita. Mama akatoka kwenye foleni, akashusha furushi chini, akalitazama. Sikuhitaji kumaliza. Mtu aliyejua kusoma moshi kwenye unga hakushindwa kusoma uso wangu.

"Mudogo wangu?"

"Hayupo, mama."

"Tangu lini?"

"Kabla ya unga wangu wa kwanza."

Akaweka kiganja mdomoni, akakiacha hapo. Nilisubiri ukelele, na ukelele haukuja. Alipotoa mkono sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Miezi tatu nakula," akasema. "Nacheka. Naimba mu kanisa. Nashonesha blauzi. Na mudogo wangu iko mu udongo, na miye sijamulilia hata siku moja."

Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia sasa umejua, turudi nyumbani.

"Nirudi nikule nini?"

"Mama, watakuua."

"Asubuhi nilikuwa naenda kumusalimia. Sasa naenda kumulilia. Ile ya kusalimia ungeweza kunikataza." Akainama akaanza kukaza fundo la furushi. Ndani yake, nilijua, kulikuwa na chumvi na unga wangu. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Ulilaza siku nne kila mara?"

"Kila mara."

"Ungelaza mbili," akasema polepole, "ningekaa."

Hakusema kwa ukali. Laiti angenipiga. Aliniinua kwa mkono, akanipangusa vumbi magotini kama nilipokuwa mdogo, na nikawa na tumaini la kijinga kwamba yamekwisha, kwamba tutarudi. Akaniuliza alikufia wapi. Nikamwambia kidimbwini.

"Kidimbwini?" Akanishika mkono kwa nguvu zaidi. "Aliacha kwenda kidimbwini. Alikuwa analoweka mu beseni. Alikuwa na akili, mudogo wangu. Alienda kule kufanya nini?"

Afande akapiga kelele tena. Mwanamke mwenye kuku alikuwa ameshafika katikati ya daraja, amegeuka, anamwita mama kwa mkono. Mama hakumtazama. Alikuwa ananingoja mimi, macho yake kwenye mdomo wangu.

"Sijui, mama," nikamwambia.